Matajiri na safari za anga: Tujifunze kwa chumvi ya Maarib



Wiki hii naitumia safu hii kulipa deni. Usiku mmoja baada ya swala ya Isha tulikuwa tumekaa kwenye baraza la msikiti, kama ilivyo ada yetu, kahawa inapita na mazungumzo yanapita. Kijana mmoja anayesomea uhandisi akatoa simu yake akatuonyesha video ya tukio la Oktoba 13, 2024 huko Texas, Marekani. Roketi kubwa ya kampuni ya SpaceX ilirushwa, kikaenda juu kipande chake cha chini chenye urefu wa mita zipatazo 70, kikaachana na chombo ilichokuwa ikikisukuma, kisha kikarudi kilikotoka na kudakwa na mnara wenye mikono miwili ya chuma, mithili ya golikipa anavyodaka mpira.

Mzee mmoja aliyekuwa kavuta kiti pembeni akaitazama, akarudisha simu. "Firauni na Hamana hao," akasema. "Wanajenga mnara wamfikie Mungu wa Musa." Kijana mwingine, mfanyabiashara, akaruka juu: "Babu, huyo mwenye kampuni ni tajiri namba moja duniani. Angekuwa Muislamu tungemtungia kaswida!" Watu wakacheka. Kisha wakanigeukia mimi. "Maalim, unasemaje?"

Nikajibu kwa haraka kuwa dunia imewashinda kuitengeneza, sasa wanakwenda kuiharibu na mbingu. Likapendeza lile jibu. Watu wakacheka tena, wakatikisa vichwa, tukaagana.

Yule mwenye simu hakucheka. Alinifuata njiani, akaniuliza kwa adabu: "Maalim, Ramadhani pale nyumbani tunaangalia Tarawehe za Makka kwenye televisheni, moja kwa moja. Ile picha inapita kwenye satelaiti, na satelaiti haikupaa kwa dua. Sasa kama waliopandisha ni Firauni, sisi tunaoangalia ni akina nani?"

Sikuwa na jibu. Nililokuwa nimelitoa barazani lilikuwa la kuchekesha watu, na mtu anayeitwa Maalim hana ruhusa ya kujibu swali la dini kwa mzaha. Kwa hiyo nimekwenda kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Nianze na hoja ya mzee wetu, kwa kuwa ndiyo inayosikika mara nyingi misikitini. Kisa cha mnara kimo katika Surat Al-Qasas (28:38) na Surat Ghafir (40:36-37). Ukikisoma kwa utulivu utaona kuwa Qur'an haikumlaumu Firauni kwa kuchoma matofali wala kwa kujua ujenzi. Alilaumiwa kwa kiburi, kwa kujifanya mungu juu ya watu aliowatumikisha, na kwa kumkadhibisha Musa (a.s.). Nabii Suleiman (a.s.) naye alipewa upepo uende kwa amri yake, na ndani ya kasri lake kulikuwa na sakafu ya kioo iliyomfanya malkia wa Sabaa adhani ni maji. Hatukumwita Suleiman Firauni. Ufundi ni ufundi, na hukumu inafuata kile kilichokusudiwa na kile kilichofanywa nao.

Upande wa pili wapo ndugu zetu wanaopenda kuikimbilia Surat Ar-Rahman, aya ya 33, ile inayowaambia majini na watu kwamba kama wanaweza kupenya mipaka ya mbingu na ardhi basi wapenye, na hawatapenya ila kwa uwezo. Mnazikumbuka zile kanda na VCD zilizokuwa zikiuzwa nje ya misikiti, zikisema aya hii imetabiri roketi. Mimi sijaridhika na mtindo huo. Wafasiri wengi wa kale waliifahamu aya hii kuwa inazungumzia kutokuwapo kwa pa kukimbilia mbele ya Mwenyezi Mungu, na wapo walioihusisha na Siku ya Kiyama. Tukiifanya iwe cheti cha kila chombo kinachorushwa na wasio Waislamu, tunajipa fahari ya kazi ambayo hatukuifanya.

Basi tuje kwenye jambo lenyewe. Kwa zaidi ya miaka 40 kwenda angani ilikuwa kazi ya serikali, kwanza Urusi ya Kisovieti na Marekani, kisha wengine. Mwaka 2001 Mmarekani Dennis Tito akapanda chombo cha Warusi kwa tiketi aliyojilipia mwenyewe, inayotajwa kuwa dola milioni 20. Mwaka 2004 chombo kidogo kiitwacho SpaceShipOne, kilichojengwa bila fedha za serikali, kilifika mpaka wa anga mara mbili ndani ya wiki mbili na kushinda tuzo ya dola milioni 10. Tuzo hiyo iliitwa Ansari X Prize, na Waislamu wachache wanajua kwamba jina Ansari ni la familia yenye asili ya Iran iliyohamia Marekani na kuifadhili. Bibi Anousheh Ansari wa familia hiyo, mzaliwa wa Mashhad, alikwenda mwenyewe angani Septemba 2006 kwa malipo yake.

Katika miaka hiyo hiyo SpaceX, iliyoanzishwa mwaka 2002, ilikuwa ikiunguza fedha. Roketi yake ya kwanza ilishindwa mwaka 2006, ikashindwa 2007, ikashindwa tena Agosti 2008. Ya nne ilifanikiwa Septemba 28, 2008. Nawataka vijana wetu waizingatie hiyo miezi na miaka, maana sisi mradi wa kisima cha madrasa ukikwama mara moja tunavunja kamati. Desemba 2015 kampuni hiyo ikaanza kurudisha chini salama kipande cha kwanza cha roketi ili kitumike tena, jambo lililoshusha sana gharama. Na Mei 2020 ikapeleka wanaanga wa Marekani kwenye kituo cha kimataifa cha anga, baada ya miaka tisa ambayo taifa hilo kubwa lilikuwa likinunua viti kwenye vyombo vya Warusi.

Hapa pana jambo moja ambalo yule kijana mfanyabiashara hakulijua. Tunaposema kampuni binafsi tunadhani ni mtu na mtaji wake. Ndivyo tulivyofundishwa wakati wa ubinafsishaji, kwamba serikali ikae pembeni na mwekezaji atakuja na fedha zake. Lakini Desemba 2008, wakati SpaceX ikiwa hoi kifedha, ni shirika la serikali ya Marekani, NASA, lililoipa mkataba wa dola bilioni 1.6 wa kubeba mizigo. Mwaka 2014 likaipa mkataba mwingine wa dola bilioni 2.6 wa kubeba watu, na kampuni ya Boeing ikapewa bilioni 4.2 kwa kazi hiyo hiyo. Boeing ndiyo ambayo chombo chake kilipeleka watu wawili Juni 2024 kwa safari ya siku kama nane, kikapata hitilafu, kikarudi kitupu, na wale watu wakakaa huko zaidi ya miezi tisa hadi waliporudishwa na chombo cha SpaceX Machi 2025. Kwa hiyo walipa kodi wa Marekani wamo ndani ya roketi hizi tangu mwanzo. Hata Jeff Bezos, mwenye kampuni ya Blue Origin, aliporudi kutoka safari yake ya dakika kama kumi Julai 20, 2021, aliwashukuru hadharani wafanyakazi na wateja wa Amazon akikiri kuwa wao ndio waliolipia. Alisema kweli. Na wakati ule wafanyakazi wa maghala ya Amazon walikuwa wakilalamikia ugumu wa kazi zao. Sisi tumeamrishwa na Mtume (s.a.w.) tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, na sidhani kama shukrani iliyotolewa mbele ya kamera inahesabika kuwa ni ujira.

Kuhusu israfu ya safari za kitalii sitasema mengi, kwa kuwa jambo liko wazi. Aprili 2022 wafanyabiashara watatu walikwenda kwenye kituo cha anga kupitia kampuni ya Axiom, na bei iliyotajwa ni dola milioni 55 kwa kiti kimoja. Aya za Surat Al-Israa (17:26-27) zinazowaita wabadhirifu ndugu wa mashetani tunazijua sote. Ila tusizisome tukiwa tunatazama juu tu. Harusi zetu za mjini zina roketi zake.

Lililonikosesha usingizi ni jingine. Nalo lina mfano katika Sunna ambao sijawahi kuusikia ukitajwa katika mada hii.

Wapokezi wa hadithi, akiwemo Abu Dawud, Tirmidhi na Ibn Majah, wamesimulia habari za sahaba Abyadh bin Hammal (r.a.) kutoka Yemen. Alimjia Mtume (s.a.w.) akamwomba ampatie machimbo ya chumvi yaliyoko Maarib, na Mtume akampatia. Alipokwisha kuondoka, mtu mmoja aliyekuwepo pale akasema kumwambia Mtume kwamba alichompa mtu yule ni kama maji yasiyokatika, yaani chumvi iliyo wazi, anayefika anachota. Mtume (s.a.w.) akairudisha kutoka kwake.

Wanazuoni wa fiqhi wakajenga juu ya kisa hiki mlango mzima. Wakasema kitu ambacho watu wote wanakihitaji, na ambacho mwenye kukidai hakukitengeneza kwa jasho lake, kiongozi hana haki ya kumkatia mtu mmoja. Inaungana na ile hadithi inayowafanya watu kuwa washirika katika maji, malisho na moto. Pembeni yake kuna mlango mwingine wenye haki pia, wa kuhuisha ardhi iliyokufa: mwenye kuilima ardhi isiyo na mwenyewe, akaifanya hai, anapata haki juu yake. Dini yetu haichukii mtu kumiliki. Aliyekata kuni porini kuni ni zake. Lakini kukata kuni hakumpi mtu pori zima.

Sasa tuitazame anga kwa macho hayo. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1967 unasema hakuna taifa linaloweza kulimiliki anga la juu, wala mwezi, wala sayari. Lakini mwaka 2015 Marekani ilipitisha sheria inayowaruhusu raia na kampuni zake kumiliki na kuuza wanachokichimba kwenye mwezi na kwenye mawe makubwa yanayoelea angani yaitwayo asteroidi. Luxembourg ikafuata mwaka 2017. Umoja wa Falme za Kiarabu, nchi ya Kiislamu, ikapitisha sheria yake mwaka 2019. Kampuni zimeshaanza kutua mwezini: Februari 2024 chombo cha Intuitive Machines kilitua na kuinama ubavu, na Machi 2025 chombo cha Firefly kikatua kimesimama wima. (Sisi kila Ramadhani na kila Shawwal tunagombana kama mwezi ulioonekana nchi jirani unatuhusu au hautuhusu. Wenzetu wanagombania nani atauchimba. Natania, lakini si sana.)

Kwa rai yangu, na mimi si mufti, jiwe lililochimbwa kwa gharama na hatari linaweza kuwa kama kuni zilizokatwa. Hapo sina ugomvi mkubwa na hizo sheria. Mahali pa kuchimba, na hasa njia za kuizunguka dunia ambako satelaiti hupita, hayo ndiyo chumvi ya Maarib. Hakuna aliyeziumba. Hazina nafasi isiyo na mwisho. Na kila mtu, hata asiyejua, anazihitaji kwa simu yake, kwa habari za mvua, kwa meli yake na ndege yake. Nchi zetu zililiona hili mapema. Desemba 1976 mjini Bogota, Colombia, nchi zilizo kwenye ikweta, zikiwemo Kenya, Uganda na Zaire ya wakati ule, zilitia saini tamko la kudai haki juu ya ile njia ya juu ambapo satelaiti huonekana kama imesimama mahali pamoja. Mataifa makubwa hayakulitambua. Mimi naona hata dai lenyewe lilikuwa na kasoro, kwa kuwa lilitaka kuigawa anga kama shamba badala ya kuiacha iwe ya wote, lakini angalau walijua kuna kitu kinachukuliwa.

Leo zaidi ya nusu ya satelaiti zote zinazofanya kazi ni za kampuni moja, SpaceX, kupitia huduma yake ya intaneti iitwayo Starlink. Hii si kejeli. Huduma yenyewe ni nzuri. Ilianza Rwanda na Kenya mwaka 2023, na imefika mahali ambako nguzo za simu hazijafika. Lakini tazameni nini hutokea kisima kinapokuwa na ufunguo mmoja mfukoni mwa mtu mmoja. Septemba 2023 Elon Musk mwenyewe alieleza kuwa aliwahi kukataa ombi la serikali ya Ukraine la kuwasha huduma hiyo hadi Sevastopol wakati wa vita. Sizungumzii kama uamuzi ulikuwa sawa au si sawa. Ninachosema ni kuwa ulikuwa uamuzi wa mtu asiyechaguliwa na yeyote.

Na Gaza je? Oktoba 2023 mawasiliano ya Gaza yalipokatwa, madaktari wakashindwa kuita magari ya wagonjwa na watu wakashindwa kujua kama jamaa zao wako hai. Musk akatangaza kuwa angeyahudumia mashirika ya misaada yanayotambulika kimataifa. Waziri wa mawasiliano wa Israel akapinga hadharani. Mwezi uliofuata ikatangazwa kuwa Starlink ingeweza kufanya kazi Gaza kwa idhini ya Israel tu. Ilikuja kutangazwa kuwashwa katika hospitali moja Julai 2024, ikisaidiwa na Falme za Kiarabu. Satelaiti wakati wote huo zilikuwa zikipita juu ya vichwa vya wale watoto, kila baada ya dakika chache. Maji yapo, kamba ipo, na mwenye ndoo anasubiri ruhusa. Ndugu zangu, hii ndiyo maana ya kumkatia mtu chumvi.

Tena kuna wanaobeba mzigo bila kuonja faida. Desemba 30, 2024, katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni nchini Kenya, pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo zipatazo 500 ilianguka kutoka angani. Shirika la Anga la Kenya lilisema ni kipande cha roketi. Alhamdulillah hakuna aliyeumia. Yupo mkulima ambaye kesho yake alikwenda shambani akijua kuwa chuma cha watu asiowajua kinaweza kumshukia. Katika fiqhi yetu mwenye kuweka kitu njiani kikamdhuru mpita njia anawajibika, na sheria ya kimataifa ya mwaka 1972 imesema karibu hayo hayo: nchi iliyorusha chombo inalipa madhara yanayotokea ardhini bila kujali kama ilizembea au haikuzembea. Kanada iliwahi kulipwa na Wasovieti dola za Kanada milioni 3 baada ya satelaiti yenye mafuta ya nyuklia kuanguka huko mwaka 1978. Lakini Kanada ina wanasheria na sauti. Kijiji kina nini?

Baada ya kuyasema hayo kuhusu wao, tujitazame na sisi. Katika safari hizi Waislamu tumekuwa abiria zaidi kuliko mafundi. Mwanamfalme Sultan bin Salman wa Saudia alikwenda Juni 1985 na chombo cha Marekani, na angalau safari ile ilikuwa na kazi ya umma, kwani ndiyo iliyopeleka satelaiti ya Arabsat iliyokuja kutumiwa na nchi za Kiarabu. Oktoba 2007 Malaysia ilimpeleka daktari Sheikh Muszaphar Shukor kwenye kituo cha anga kwa roketi ya Warusi, na safari yake ilikuwa sehemu ya mapatano ya kununua ndege za kivita. Tulijivuna, na tulikuwa na haki. Maulamaa wa Malaysia walimwandalia mwongozo wa ibada ambao ni kazi nzuri ya ijtihadi: kituo kinaizunguka dunia mara 16 kwa siku, kwa hiyo wakasema mwenye kuswali afuate saa za mahali aliporukia, na kibla aelekee Kaaba kwa kadiri ya uwezo wake, akishindwa aelekee dunia, akishindwa basi popote. Alikuwa huko Ramadhani ikamalizika na Idd ikamkuta juu. Mei 2023 Wasaudia wawili, bibi Rayyanah Barnawi na bwana Ali AlQarni, walikwenda kwa safari ya Axiom ndani ya chombo cha SpaceX.

Nayapenda haya yote. Lakini kiti ni kiti. Anayenunua tiketi ya basi hajawa mwenye basi. Falme za Kiarabu wamejitahidi kuliko wengine. Chombo chao cha Mars, walichokijenga kwa kushirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Colorado, kilifika kwenye sayari hiyo Februari 2021. Aprili 2023 gari lao dogo la mwezini lilipotea pale chombo cha kampuni ya Kijapani kilichokibeba kilipoanguka. Hiyo ni hasara ninayoiheshimu, kwa kuwa kati yake watu walijifunza.

Na sisi wa pwani hii msidhani jambo hili ni la mbali. Desemba 12, 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano lililokuwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei (X-ray) itokayo angani, ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi hiyo. Kwa heshima ya siku ya uhuru wa Kenya ikaitwa Uhuru. Mahali palichaguliwa kwa kuwa karibu na ikweta dunia yenyewe huipa roketi msukumo wa bure kwa mzunguko wake. Bahari ilikuwa ya Waswahili na jina lilikuwa la Kiswahili. Elimu haikuwa yetu, na jukwaa lile liliporusha chombo chake cha mwisho mwaka 1988 tulibaki na jina. Ilipita miaka mingi hadi Aprili 2023, ndipo satelaiti ya Kenya iitwayo Taifa-1 ilipopaa, na ilipaa kutoka California kwa roketi ya SpaceX, ikiwa imebanana na satelaiti za watu wengine kama abiria wa daladala. Na hilo nalo niliseme kwa insafu: bila kampuni hizi kushusha nauli, pengine isingepaa.

Katika historia yetu utajiri binafsi uliwahi kufanya kazi tofauti. Waislamu walipohamia Madina palikuwa na kisima cha Ruma, maji yake matamu, na mwenyewe akiwauzia watu. Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.) alikinunua kwa mali yake akakifanya wakfu, tajiri na maskini na msafiri wakateka sawa. Hakuingoja Baytul-Mal. Wala hakukinunua ili yeye awe muuzaji mpya. Nchi za Kiislamu zenye fedha za kununua viti vya mamilioni zinaweza kununua visima vya aina hiyo: satelaiti ya wakfu ya mawasiliano, ambayo ufunguo wake hautakuwa kwa mtu mmoja wala kwa jeshi moja, ili siku mji wa Waislamu ukizimiwa simu asitafutwe tajiri wa kumbembeleza. Na sisi tusio na fedha hizo tuna shule za Kiislamu ambazo maabara zake zimefungwa kufuli kwa kukosa mwalimu wa fizikia. Nimetembelea moja. Vifaa viko ndani ya maboksi, vumbi juu.

Ijumaa iliyopita nilirudi barazani nikawasimulia habari ya chumvi. Nilimwomba radhi yule kijana mbele ya watu, akaona haya kuliko mimi. Mzee wetu alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Na yule sahaba aliyepewa chumvi, alipoambiwa airudishe alifanyaje? Maana kitu umeshapewa."

Nikamwambia kuwa katika mapokezi ya Ibn Majah, Abyadh (r.a.) alikubali kuirudisha kwa sharti kwamba ihesabiwe kuwa ni sadaka yake, na Mtume (s.a.w.) akamkubalia, na akampa ardhi nyingine badala yake.

Mzee akanyamaza kidogo, akanywa kahawa yake. "Basi yule alikuwa na wa kumwambia rudisha," akasema. "Huyu wa kwenu wa kwenye simu, nani atamwambia?"

Kijana wa uhandisi akamtazama, kisha akanitazama mimi. Tumekubaliana kuwa darsa la Jumatano ijayo baada ya Maghrib tutasoma mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa, na yeye ataleta ule mkataba wa 1967 aliouchapisha, tuusome pamoja kipengele kwa kipengele.